Giaboksi ya Umoja wa Kuzikana

Sehemu ya Tisa

"TANGAZO. Wanachama wote wa Umoja wa Kuzikana Mugoma mnatangaziwa kwamba kopo moja la bati, lililokuwa la maziwa ya unga, rangi ya manjano iliyopauka, namba ya mali 31, lililokuwa likining'inia kwa waya chini ya giaboksi ya pikapu ya Umoja kwa kazi maalumu ya kukinga oili inayovuja, halionekani tangu Jumanne. Atakayeliona alifikishe kwa Katibu bila kulitumia. Kopo hilo si la kuogea wala si la kupimia maharage. Ni mali ya marehemu wote, waliotangulia na wajao."

Katibu Jovina alikuwa ametamka neno "wajao" pale mlango wa ghala la kahawa ulipobishwa hodi. Hapo ndipo gazeti lilipoishiwa nafasi Jumapili iliyopita, na wasomaji watatu wamekwisha kutuma ujumbe kwamba aliyebisha ni polisi.

Hakuwa polisi. Polisi angekuwa nafuu.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge kipya, vumbi jekundu la safari limempanda hadi magotini. Mkono mmoja ulishika pochi. Mwingine ulishika kopo.

Mwalimu Juvenali, mwenyekiti wa Umoja, mwalimu mkuu mstaafu na mgane wa miaka sita, alilitambua kopo kwanza na mwanamke baadaye. Mpangilio huo alikuja kuuonea haya.

"Shikamooni," alisema mgeni.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Bodaboda ameliona kopo hili tu, akanileta hapa bila kuniuliza ninakwenda wapi. Anasema wenyewe mko kikaoni."

Jovina alivaa miwani, akalipokea kopo, akaligeuza juu chini. Kwenye kitako kulikuwa na tarakimu mbili za rangi nyekundu.

"Thelathini na moja," alisema. "Ni lenyewe."

Umoja ule haukuwa na kitu kisicho na namba. Tangu sufuria tatu zilipokwenda kuazimwa kwenye harusi na kurudi mbili, kila mali ilipakwa tarakimu: viti, turubai, sepetu, miiko, hata jiwe la kuzuia mlango. Utaratibu huo ulipendekezwa na Mwalimu Juvenali mwenyewe, na siku hiyo alipigiwa makofi. Sasa aliyasikia makofi yale upya, moja baada ya jingine.

"Umelipata wapi, mama?" aliuliza Jovina, kalamu tayari.

"Uani kwangu."

"Uani kwako ni wapi?"

"Biharamulo mjini, nyuma ya soko. Chini ya mpapai, pale gari linapoegeshwa."

"Gari la nani?"

"La Mwalimu."

Ghala lilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, magunia ya kahawa na panya mmoja. Panya peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

"Mwalimu yupi?" aliuliza Mzee Elick, ingawa mwalimu alikuwa mmoja tu na alikuwa ameketi mbele yake. Mzee Elick, bwana shamba mstaafu, aliukosa uenyekiti kwa kura mbili, na alikuwa hajasahau ni za nani.

"Si huyu hapa." Mwanamke alitabasamu, tabasamu la mtu aliyepanda basi alfajiri ili kumletea mwenzake kitu anachokihangaikia. "Habari za tangu Jumanne, Mwalimu? Nilijua huna raha bila kopo lako."

"Nzuri," alijibu Juvenali.

Katika miaka thelathini na minne ya ualimu alikuwa amesikia majibu mengi ya kipumbavu, na mengine aliyapigia mstari kwa wino mwekundu. Hilo lilikuwa kubwa kuliko yote.

Kwa msomaji aliyekosa yaliyotangulia, hali ilikuwa hivi. Kwa miezi minne, kila Jumanne, Juvenali alikuwa akiichukua pikapu ya Umoja kwenda Biharamulo, akiwaeleza wajumbe kwamba fundi Anuar anaichunguza giaboksi. "Uchunguzi wa giaboksi huenda kwa awamu," aliwaambia, na wajumbe, ambao wengi wao aliwafundisha sayansi ya darasa la tano, hawakuwa na la kupinga. Biharamulo hakwenda kwa fundi. Alikwenda kwa Ernesta, mjane mwenye biashara ya maharage, ambaye naye aliamini kwamba gari ni la Mwalimu.

Keshokutwa, Jumamosi, Juvenali alitakiwa afike na ng'ombe sita kwa Bulugu, kaka yake Ernesta. Bulugu alikwisha kupokea ng'ombe kwa ajili ya dada huyohuyo miaka thelathini iliyopita, kutoka kwa mume wa kwanza, lakini hakuona sababu ya kuiacha desturi nzuri. Ng'ombe sita walikuwa tayari wanachungwa Lukole. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: Mugoma na Biharamulo zisikutane.

Sasa zilikuwa zimekutana, na zinaamkiana.

"Ngoja nielewe," alisema Mzee Elick. "Kila Jumanne gari liko kwa fundi. Na kila Jumanne gari liko chini ya mpapai. Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi nauza maharage, baba."

"Basi huenda maharage yanatengeneza giaboksi. Elimu haina mwisho."

"Mheshimiwa mjumbe," alisema Juvenali, "kejeli haimo kwenye ajenda."

"Mpapai pia haumo."

Ernesta aliwatazama kwa zamu. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni, lakini lilikuwa limebaki peke yake, macho yamekwisha kuliacha.

"Kwani gari ni la nani?" aliuliza.

Mzee Elick aliinuka taratibu, akavaa kofia, akamfungulia mgeni mlango kwa adabu ya mtu aliyeisubiri siku hii tangu uchaguzi.

"Twende nje, mama. Nikakuoneshe mlango wa kulia."

Wote walitoka. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko, gurudumu la nyuma limewekewa jiwe namba kumi na tisa. Ilikuwa nyeupe, au ilipata kuwa nyeupe. Umoja uliinunua mnadani mwaka kambi za Lukole zilipofungwa, na chini ya rangi bado ungeweza kusoma kivuli cha herufi za shirika lililoiacha. Ilipata kubeba unga wa wakimbizi. Sasa iliwabeba wenyeji, safari moja moja, bila kurudi.

Mlango wa kulia ulikuwa umekandikwa tope zito.

"Huu ni mwezi wa nane," alisema Mzee Elick. "Mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Tope hili limetoka wapi, na kwa nini limependa mlango mmoja?"

Juvenali angeweza kueleza. Tope lilitoka kisimani, ndoo moja na nusu, na lilipakwa kwa mkono kila Jumanne asubuhi mahali pasipo na watu, kisha likaoshwa jioni kabla ya kufika Mugoma. Juzi alichelewa, akasahau kuosha. Mtu aliyepata kuandika ratiba za walimu kumi na wanane alikuwa amesahau kuosha mlango.

Mzee Elick aling'oa majani makavu, akasugua. Herufi zilijitokeza pole pole, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.

KWA MAITI NA WAGONJWA TU.

"Maiti?" alisema Ernesta.

"Na wagonjwa," alisema Juvenali.

"Nimepanda gari hili kwenda kanisani. Kwenye maombi!"

"Mbele. Maiti hukaa nyuma."

"Nyuma nimepakia maharage yangu. Magunia manane."

Juvenali aliinama kulikagua jiwe namba kumi na tisa.

"Maharage hayo yako wapi sasa?" aliuliza Jovina, ambaye hakupenda kumbukumbu zenye mapengo.

"Niliyauzia Rusumo."

"Basi yamekwisha kuvuka mpaka," alisema Jovina, akaandika.

Ernesta alisema neno moja la Kisukuma, lile ambalo mtu humwitia mama yake hata kama mama yake ni marehemu. Kisha akafanya jambo lililomtia Juvenali hofu kuliko kelele: alirudi ghalani, akaketi. Aliketi kwenye kiti namba nne, akaweka pochi magotini, akasubiri aelezwe.

Kikao kilimfuata ndani.

"Mwenyekiti," alisema Jovina, "kwa kuwa zimepatikana habari mbili zinazopingana kuhusu giaboksi, naomba tumsikie fundi."

"Si lazima kumsumbua," alisema Juvenali haraka. "Ana kazi nyingi."

"Kwa maelezo yako ana kazi moja, kwa miezi minne."

Jovina alipiga simu, akaiweka spika, akailaza katikati ya meza. Iliita mara mbili.

"Asalaam aleikum, fundi Anuar."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Ni Katibu wa Umoja wa Kuzikana Mugoma."

"Inna lillahi. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Tunaulizia giaboksi."

"Ahaa," alisema Anuar. "Hiyo ndiyo imekufa."

Babu yake Anuar alifika Biharamulo na mizigo ya nguo kutoka pwani, na ukoo mzima ulirithi kwake sauti ya kumtajia mteja hasara kana kwamba unampa pole.

"Fundi, uchunguzi wako umefikia awamu gani?"

"Uchunguzi upi, dada yangu? Pikapu ile niliikagua mara moja tu, mwezi wa nne. Ilikuwa sili ya mbele, ile pete ya kuzuia oili, upande wa klachi. Sili yenyewe elfu kumi na mbili. Lakini huifikii mpaka uishushe giaboksi yote chini, kwa hiyo kushusha na kurudisha ni laki moja na nusu. Nikamwambia mzee, liache hapa, jioni unaondoka nalo."

"Naye akasemaje?"

Simu ilikoroma kidogo. Juvenali alitamani mtandao upotee. Mtandao wa Mugoma, ambao hupotea mtu akiwa na msiba, siku hiyo ulikuwa safi kama kioo.

"Akaniuliza, ikiachwa inavuja hivihivi, itachukua muda gani kufa. Nikamwambia, ukiwa unaongeza oili, miezi minne, ukijitahidi mitano. Akafikiri. Kisha akaniambia, 'Inatosha.'"

"Inatosha?"

"Alisema hivyo. Nikaona ni mzee, sikumhoji."

Mzee Elick alifunga macho, kama mtu anayeonja kitu.

"Na sasa, fundi? Gharama?"

"Sasa sili haina maana tena. Jumanne hii alipita barabarani hapa kwangu, nikaisikia inalia kama mashine ya kusaga. Beringi zimekwisha, gia zimelika meno. Ile ni kubadilisha. Ninayo moja ya mtumba, nzima kabisa, milioni moja na laki nne. Kazi yangu laki mbili. Ila kuna mteja wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Burundi, anaitaka, na nimemwahidi nitamsubiri hadi saa kumi na mbili jioni hii. Mkiwahi kabla yake, ni yenu. Mkichelewa, sijui ya pili nitaipata wapi wala lini."

"Na hii iliyopo inaweza kufika huko?"

"Kwa oili nyingi na dua," alisema Anuar. "Msikae sana."

Simu ilikatika. Saa ya ukutani, namba saba, ilionesha saa tano na robo.

"Milioni moja na laki sita," alisema Jovina.

"Ng'ombe wawili," alisema Ernesta kwa sauti ndogo, "kati ya sita wa mahari anaowasubiri kaka yangu Bulugu." Hakuhitaji kalamu.

Juvenali pia hakuihitaji. Sita ukitoa wawili ni wanne, na Bulugu alikuwa amesema sita. Alikuwa amelisema mara moja tu, akiwa amesimama mlangoni pa zizi lake, fimbo mabegani, na hakuwa mtu wa kurudia maneno.

"Ibara ya kumi na nne," alisema Mzee Elick. "Naomba isomwe."

Jovina alifungua katiba. "'Kiongozi atakayetumia gari la Umoja kwa safari isiyo ya maiti wala ya mgonjwa atalipa gharama zote za uharibifu kutoka mfukoni mwake, na hatakuwa na haki ya kujitetea kwa maneno marefu.'"

Ibara hiyo Juvenali aliitunga mwenyewe, akimlenga mwenyekiti aliyemtangulia. Kipande cha mwisho alikiongeza usiku wa kuamkia mkutano mkuu, akakirudia mara tatu kwa sauti, kwa raha.

Alisimama, akashika pindo la koti.

"Kwa maneno mafupi, basi. Ni kweli. Watoto wa shule niliwachapa kwa kusema uongo usio na mpangilio. Wangu ulikuwa na mpangilio na ratiba. Hiyo ndiyo tofauti, na sioni kama inanisaidia."

Mama mmoja upande wa magunia alitoa leso.

"Mwalimu," alisema Ernesta. "Basi la kutoka Ngara kuja Biharamulo lipo?"

"Lipo."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Linapita Lusahunga."

"Nauli huna?"

"Ninayo."

"Sasa kwa nini?"

Juvenali alitazama mikono yake. Ilikuwa na oili kwenye kucha, oili ya miezi minne isiyotoka kwa sabuni.

"Kwenye basi ningeshuka mstaafu mwenye kiroba cha ndizi," alisema. "Kwenye gari nilikuwa nashuka mtu."

Hilo lilikuwa fupi vya kutosha kwa mujibu wa ibara.

Ernesta alilivuta kopo kutoka mezani, akaliweka mapajani.

"Mimi gari sikuwahi kulitazama," alisema. "Nilikuwa namtazama mzee anayeshuka. Anakunja suruali, anapiga magoti kwenye vumbi na shati lake jeupe, anainama uvunguni kuona kama kopo limekaa sawa. Hata kabla ya kunisalimu. Nikasema moyoni, mtu anayejali tone la oili namna hii, hawezi kunitupa."

Mama mwenye leso alianza kuitumia.

"Kumbe," aliendelea Ernesta, "ulikuwa unainama kuona kama bado inavuja."

Lilikuwa jambo la kweli kabisa, na kilichomshangaza Juvenali ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuliona kwa upande huo. Kila Jumanne alikuwa ameinama, ameliona tone, na moyo wake umetulia. Wanaume wengine hutulizwa na barua.

"Hoja!" alisema Mzee Elick. "Ng'ombe wa Lukole wote tunawajua, ingawa tulidhani Mwenyekiti anaanza ufugaji. Wauzwe wawili, giaboksi inunuliwe, mambo yaishe."

"Wauzwe wawili Bulugu akatae wanne?" ilisema sauti kutoka kwenye magunia. "Mnataka mwanamke huyu aolewe na giaboksi?"

"Umoja ulipe!"

"Umoja hauchangii mahari!"

"Na nikifa mimi kesho, nabebwa na nini? Na katiba?"

"Wewe Suzana umekuwa ukifa kesho tangu mwaka juzi!"

Jovina aligonga meza kwa mwiko namba kumi na mbili. "Mjumbe mmoja mmoja. Na anayetaka kufa aandike barua."

Ernesta alilirudisha kopo mezani, akasimama. Alikuwa amekaa miaka ishirini sokoni, na alijua sauti ya watu wasionunua.

"Funguo za gari ziko wapi?"

Zilikuwa mezani, zimefungwa kwenye kipande cha ubao. Alizichukua.

"Mama, hizo ni mali ya Umoja," alisema Mzee Elick.

"Hata kopo. Nimelirudisha au sikulirudisha?"

Mzee Elick aligeuka kwa Katibu, akitarajia msaada. Jovina alikuwa amekwisha kulifungua daftari la kuazima vifaa.

"Namba thelathini na mbili, funguo," alisema. "Na namba moja, pikapu. Jina kamili hapa, sahihi hapa, tarehe ya kurudisha hapa. Unajua kuendesha?"

"Marehemu mume wangu alikuwa na lori."

"Vizuri. Andika kwa herufi kubwa."

"Katibu! Unamwachia mtu baki gari la Umoja?"

"Mjumbe, katika miaka tisa huyu ni mtu wa kwanza kurudisha kitu kabla hajaulizwa." Jovina alipuliza wino ukauke. "Utaratibu unasema kifaa hakitoki bila sahihi. Sahihi ipo."

Ernesta alifika mlangoni. Hapo aligeuka, na safari hii hakumtazama mwingine yeyote.

"Kiti cha mbele kipo wazi, Mwalimu. Sijakusamehe. Nasema tu kipo wazi."

Juvenali alipiga hatua moja.

"Ibara ya tisa!" alifoka Mzee Elick. "'Mwenyekiti hatatoka ukumbini kabla kikao hakijafungwa kwa azimio.' Mwenyewe uliiandika!"

Aliiandika, kwa kweli. Alikuwa ameandika ibara arobaini na moja, zote kwa mwandiko wa mteremko, na hakuna hata moja iliyomfikiria yeye.

Msomaji angependa tuseme hapa kwamba aliipiga teke meza akatoka. Tungependa hivyo sisi pia. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini na minne akisubiri kengele ilie ndipo atoke darasani haachi tabia hiyo ghafla.

"Dakika moja," alimwambia Ernesta. "Nifunge kikao tu. Dakika moja."

Ernesta alimtazama kwa muda ambao, Juvenali alikiri baadaye, haukuzidi sekunde tano. Kisha akatoka.

"Hoja upesi!" alisema Juvenali, jasho likimtiririka. "Mzee Elick, toa hoja yako, tupige kura, tufunge."

"Mimi ninayo," alisema Mzee Elick, bila haraka yoyote. "Gari lisiondoke Mugoma mpaka giaboksi itengenezwe."

"Wanaoafiki?" Juvenali alinyoosha mkono wake kabla ya wote, juu kabisa, kama mwanafunzi anayetaka kwenda msalani. Mikono mingine ikafuata.

Nje, mtu aliondoa jiwe namba kumi na tisa.

"Nyingine?"

"Giaboksi isitengenezwe mpaka ijulikane nani analipa."

"Wanaoafiki!" Mkono ulikuwa haujashuka bado.

Injini ilikohoa, ikawaka. Kisha ukasikika mlio ule aliousema Anuar, wa mashine ya kusaga iliyosaga jiwe. Wajumbe wote waliegemea upande wa dirisha, mikono yao ingali juu. Pikapu ilishuka mteremko, mlango wa kulia umesomeka vizuri, ikaacha nyuma yake tone, na tone, na tone, meusi juu ya udongo mwekundu. Kopo lilibaki mezani.

Kwenye njia panda ya chini ilisimama.

Kila mtu pale Mugoma anaijua njia panda ile. Ukikata kulia unakwenda Ngara mjini, Lusahunga, hadi kwa Anuar na giaboksi yake ya saa kumi na mbili. Ukikata kushoto unakwenda mpakani mwa Burundi.

Pikapu ilikata kushoto.

"Anakwenda wapi?" alinong'ona Juvenali.

Mzee Elick alivua kofia, jambo alilozoea kulifanya gari lile lilipopita.

Jovina peke yake hakwenda dirishani. Mikono ilipokuwa ingali juu aliihesabia hoja mbili zake mwenyewe, akaandika mpaka mwisho wa ukurasa, akavua miwani, akasimama kama taratibu zinavyotaka, akasoma:

"AZIMIO. Kikao cha dharura cha Umoja wa Kuzikana Mugoma, kilichoketi leo Alhamisi, kimeazimia kwa kauli moja kama ifuatavyo. Kwanza, pikapu ya Umoja isiondoke Mugoma mpaka giaboksi yake itakapotengenezwa. Pili, giaboksi hiyo isitengenezwe mpaka itakapojulikana nani anayelipa. Tatu, suala la nani anayelipa lisijadiliwe mpaka pikapu itakapokuwapo hapa kwa ukaguzi. Nne, kopo namba 31 lirudishwe mara moja mahali pake, chini ya giaboksi. Mtekelezaji wa azimio la nne ni Mwenyekiti, kwa miguu, kuanzia sasa."